Watu wa Kaskazi

Tulipomwambia mama mkwe kwamba tunamwachia watoto siku sita, twende Lamu sisi wawili tukatembee visiwani kwa mashua, alimaliza kwanza kukuna nazi yake. Kisha akauliza, "Mashua ya tanga?" Tukasema ndiyo. "Na kulala?" Humo humo, mama. Akaikunja mbuzi, akaiegemeza ukutani. "Baba yenu, Mungu amrehemu, alilala ubaoni miaka thelathini ili wanawe walale kitandani. Nyinyi mwatoka Ulaya na pesa zenu mwenda kuununua ule ubao."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua ana haki, na wazo lenyewe lilikuwa langu.

Sisi tunaishi Hamburg. Mwezi wa Desemba kule jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kutua saa kumi jioni, hizo siku ambazo linaonekana. Mume wangu anaendesha basi la jiji, zamu ya usiku. Mimi nawatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya mchana. Tunakutana mlangoni. Yeye anavua viatu, mimi navaa. Katika dakika ishirini hizo tunapeana habari za watoto, za bili, za aliyepiga simu kutoka nyumbani, kisha mmoja anakwenda kulala na mwingine anakwenda kungoja treni gizani. Zamu hizo tulizitaka wenyewe watoto walipokuwa wadogo, ili nyumba isikose mtu mzima. Watoto wamekua, zamu zimebaki.

Kila baada ya miaka miwili tunarudi Mombasa shule za kule zinapofungwa kwa Krismasi. Likizo hiyo nayo ni zamu. Kuna harusi tatu, kuna hitima, kuna mgonjwa ambaye usipomtazama siku ya kwanza utasemwa mpaka siku ya mwisho. Yeye huchukuliwa upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Safari iliyotangulia nilihesabu: katika siku kumi na tisa tulikula sahani moja mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwenye uwanja wa ndege.

Wazungu wanaofika pwani mwezi huo husema wameikimbia baridi. Kwetu Desemba ni kaskazi. Upepo huo hushika Novemba ikielekea Desemba, ukatoka pande za Arabuni na Bara Hindi, ukavuma mpaka Machi. Hapo hulegea, bahari ikakaa siku kadhaa kama haina mwenyewe, kisha kusi inakuja na kusukuma kila kitu kule kaskazi ilikotoka. Biashara ya pwani hii ilining'inia kwenye mgeuko huo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Majahazi yaliyoteremka kutoka Oman, Hadhramaut na Ghuba, na tende zao na chumvi yao na mazulia yao, hayakuwa na njia ya kurudi mpaka upepo ugeuke. Basi mabaharia walikaa. Waliuza, wakatia vyombo kalafati, wakajifunza lugha, wakaoa.

Nyanya yake mama alikuwa mke wa mtu kama huyo. Mume alikuja na kaskazi akaenda na kusi, miaka saba mfululizo. Mwaka wa nane jahazi lilifika, mabaharia wakashuka, na mmoja wao akaleta kikapu cha tende na salamu. Nyumbani kwetu kisa hiki husimuliwa kwa huruma, na mimi pia nilikuwa nikimsikitikia bibi yule, mpaka siku moja ndani ya treni nilipopiga hesabu. Dakika ishirini kwa siku, ukiacha mapumziko, ni siku tano kwa mwaka. Tangu tushike zamu hizi ni miaka kumi na minne, yaani siku sabini. Nyanya alizipata hizo katika msimu mmoja na zikabaki, mchana na usiku, mume yuko barazani hana pa kwenda.

Sisi nasi ni watu wa kaskazi, tunakuja nayo. Ila sisi hatungoji kusi.

Mashua tuliyoikodi ilikuwa ya futi thelathini hivi, imeundwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa cha Lamu. Tanga moja lenye viraka, mlingoti ulioinamia mbele kidogo, foromali ndefu mithili ya mashua yenyewe. Jiko la makaa lilikaa ndani ya sanduku la mchanga. Injini ilikuwapo, imefunikwa gunia kule tezi, na tulikubaliana na nahodha kwamba haitaguswa ila kwa hatari. Kuhusu choo sitasema mengi: kuna pwani, kuna giza, kuna kanga. Tulikuwa watu wanne, nahodha na kijana wake wa miaka kama kumi na tisa, na sisi. Nahodha alipeleka majina yetu kituoni, akarudi na mitungi miwili ya maji, akatutazama.

Nieleze jinsi alivyotutazama. Siku ya harusi yetu, kama katika harusi zote za pwani nilizohudhuria, alisimama mzee mmoja akasema ndoa ni jahazi, mume ndiye nahodha, mke ndiye baharia wake, wakisikizana watafika salama. Watu wakaitikia. Mzee yule, nadhani, hakuwahi kupanda chombo cha kumpeleka mbali kuliko kivuko cha Likoni. Nahodha wetu hakutuona kama nahodha mwenzake na baharia. Alitupima kwa macho, mimi kisha mume wangu, kama anavyopima mtu magunia kabla ya kuyapakia.

Na kweli alikuwa anatupakia. Mashua hizi huchukua farumi, magunia ya mchanga yanayolala ndani ili chombo kisipinduke. Chombo kikibisha, yaani kikienda mkanja mkanja dhidi ya upepo, magunia huhamishiwa joshini, upande upepo unakotoka, na kila tanga linapogeuzwa hurudishwa upande wa pili. Sisi tulikuwa tunakwenda kaskazini wakati wa kaskazi, kwa hiyo kubisha ilikuwa ndiyo kazi. Foromali inasimamishwa wima, inazungushwa mlingoti, tanga linapiga makofi, kijana anaruka na kamba, kisha sauti ya nahodha: "Bwana, joshini. Mama, nawe." Tunahama. Baada ya robo saa: "Rudini huku." Tunarudi. Hakutuhitaji kwa lolote jingine. Tulikuwa farumi yenye masikio.

Njia ya ndani kutoka Lamu kwenda Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa ni njia; yakipwa ni tope. Ilikuwa bamvua, siku mbili baada ya mwezi kukamilika, na siku kama hizo maji ya Lamu hupwa kabisa kukaribia saa sita mchana. Nahodha alitaka tung'oe nanga alfajiri. Tuling'oa saa moja na nusu, kwa sababu mume wangu alikuwa bado sokoni anachagua ndimu za kuzuia kulewa bahari, na ilipofika saa tatu tulikuwa tumepwelewa katikati ya Mkanda, mashua imelalia ubavu, kaa wanatembea pale ambapo muda mfupi uliopita palikuwa njia.

"Mai bado," nahodha alisema. Mai ni maji, kwa Kiamu. Hakutulaumu. Alijitandikia mkeka kwenye kivuli cha tanga, akalala. Mashua iliinuka saa nane na nusu.

Saa tano na nusu. Ya kwanza tuliimaliza kwa mazungumzo yetu ya kawaida: bili ya umeme, meno ya mdogo, mjomba fulani anayedai shamba. Yakaisha. Nikangoja tuendelee, naye naona alikuwa anangoja vilevile. Ndipo nilipogundua jambo ambalo lilinitia hofu kuliko tope lile. Hatukuwa na maneno ya zaidi ya dakika ishirini. Miaka kumi na minne tumejizoesha mazungumzo ya mlangoni, na sasa tuna mchana mzima na hakuna mlango. Mume wangu akatoa simu, akaiinua juu kutafuta mtandao, akairudisha mfukoni. Mimi nikahesabu kaa. Kijana alikuwa anashona kiraka, na kila akitutazama aliinamisha uso haraka, kwa adabu.

Karibu na adhuhuri mume wangu akasema, bila kunitazama, "Baba aliijua hii miti kwa majina yote." Akanyoosha kidole. Ule mkandaa. Ule mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya kaa. Ule sijui; baba angejua.

Baba mkwe nilimjua akiwa bawabu wa ghala moja Mombasa, mzee mkimya mwenye redio. Nilijua kwamba zamani alikuwa baharia. Sikujua zaidi, na sikuwahi kuuliza. Pale topeni ndipo niliposikia kwamba jahazi lake lilikuwa likipakia boriti za mikoko katika mikono ya bahari ya Lamu na kuzipeleka Ghuba, kwa watu wasio na miti ya kuezekea nyumba zao. Msafiri Alan Villiers alipanda bumu la Kuwait mwaka 1938 akateremka nalo hadi delta ya Rufiji kufuata mzigo huohuo. Baba mkwe aliifanya kazi hiyo miongo kadhaa na hakuna aliyemwandika. Miti hiyo ina vyeo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Na boriti haizidi urefu wake, kwa hiyo chumba cha nyumba ya kale ya Lamu ni chembamba vilevile, hata tajiri awe na pesa kiasi gani: urefu anaweza kuongeza atakavyo, upana hukatwa na mti.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mikoko ilikuwa inakwisha, na sikatai. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na mtu mwenye macho angeona panavyopunguka. Lakini mume wangu alikuwa na miaka mitano, na alichokiona yeye ni baba amerudi nyumbani mchana, ameketi kizingitini, siku ya pili yuko palepale. Mzee alikuwa akipenda kutaja jina moja, Dodori, mkono wa bahari unaoingia bara nyuma ya Pate. Alisema boriti za Dodori zilikuwa zimenyooka kama zimepigiwa uzi. Alimwahidi mwanawe kumpeleka. Hakumpeleka.

"Nataka kupaona tu," mume wangu alisema. "Sishuki hata."

Nimeolewa naye miaka kumi na saba na jina hilo sikuwahi kulisikia. Mlangoni halikupata nafasi.

Maji yalipokuja hayakuja kwa kishindo. Mashua ilitikisika kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini, kijana akashuka akaisukuma kwa bega, tukaelea. Tulipotoka Mkanda kuingia ghuba ya Manda, kreni za bandari mpya zilikuwa zimesimama kule bara, Kililana, ambako gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kijana alizitazama mpaka shingo ikamgeuka; nahodha alikuwa anatazama tanga.

Pate tulikaa nusu siku. Magofu yake yameandikwa tangu utenzi wa Al-Inkishafi, na sina la kuongeza, ila hili. Watu wa Pate wanalima tumbaku ndani ya kuta za nyumba za wakubwa wa zamani, majani mapana kama sinia yanaota chumbani, vidaka vingali ukutani. Mume wangu aliingia katika kimoja cha vyumba hivyo akakipima upana kwa hatua, akatoka akitabasamu. Alikuwa ameikuta boriti ya baba yake, ingawa yenyewe haipo.

Siyu ilikuwa zamu yangu ya kutabasamu, au angalau nilidhani hivyo. Unaifikia kwa mfereji wa mikoko, ngome inakutazama, na mafundi wa viatu vya ngozi wangali wanafanya kazi. Ndiko alikotawala Bwana Mataka, aliyewasumbua masultani wa Zanzibar, na mkewe alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, mumewe keshafariki na yeye mwenyewe mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ya ndoa. Mimi nilisomewa kabla ya harusi, kama wengi wa rika langu, na tukiwa shuleni tuliujadili kwa hasira: huyu mama anamfunza mwanawe utumwa! Sasa sina hasira nao. Naona mwanamke anayekufa ambaye ana binti mmoja na muda mchache, anaorodhesha yote anayoweza kukumbuka. Mojawapo ya mafunzo yake ni kwamba mume akilala asiamshwe.

Hilo halihitaji utendi. Mke wa dereva wa usiku hulijua kuliko mtunzi. Nyumbani kwetu Hamburg ni sheria ya kwanza, kabla ya kuvua viatu. Wanangu walijifunza kutembea kwa ncha za vidole kabla ya kujifunza kukimbia. Nimewahi kumfukuza mlangoni mtu wa posta kwa sababu alibisha mara mbili.

Siku ya nne tuliondoka Faza. Pale kisiwa cha Pate kinapoishia, mawimbi ya bahari kuu hupenya na kuingia ndani, na ndimu zote za soko la Lamu hazikumfaa mume wangu. Mtoto wa baharia alilewa bahari vibaya sana. Alitapika mpaka akabaki na machozi, na kijana akamshika kiuno asidondoke, akisema, "Pole, ami, pole," kwa upole ambao nadhani ulimuumiza zaidi. Mwisho alijilaza chini, juu ya magunia ya mchanga, nikamfunika kanga usoni, akalala.

Haikupita saa, nahodha akaonyesha kwa kidevu. "Dodori ile."

Niliangalia. Kisha nikamwangalia mume wangu, kinywa wazi chini ya kanga, mkono mmoja kifuani. Sikufikiri. Napenda kusema nilifikiri, nilipima, niliamua. Sikufanya lolote kati ya hayo. Mikono yangu ilifanya inachojua: ikasogeza kanga asipigwe na jua. Nikamwashiria kijana apunguze sauti.

Alipoamka alikunywa maji, akatazama huku na huku.

"Tumepita?"

"Tumepita."

"Zamani?"

"Kama saa moja."

Akageuka nyuma. Palikuwa na mstari wa kijani tu, na huwezi kujua wapi ni kisiwa na wapi ni bara. "Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

"Nimekuja Lamu kulala mimi?"

Aliyasema kwa sauti ya chini, maana mbele ya watu hatugombani. Lakini nyumbani ugomvi una vyumba. Unaweza kwenda jikoni ukaosha sufuria ambayo imeshaoshwa. Hapa kulikuwa na futi thelathini, na katika hizo futi kumi ni za kamba. Yeye akaenda omo, mimi nikaenda tezi, tukageuziana migongo, na kwa dakika chache nilikuwa na hasira tamu ya mtu aliyetenda wema akalaumiwa.

"Bwana, joshini," nahodha akasema. "Mama, joshini."

Hakuwa anatupatanisha. Alikuwa anatazama tanga. Upepo umezidi, mashua imelala, na alihitaji uzito. Tukakaa upande mmoja, bega kwa bega, miguu imekaza kwenye ubao, maji yanatupiga mgongoni. Hatukusemezana. Tanga likageuzwa, tukavuka magunia kwa pamoja, tukakaa upande wa pili, bega kwa bega tena. Nilihesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine: mara kumi na moja mpaka Kiwayu. Mara ya tatu aliteleza nikamshika mkanda. Mara ya sita mimi ndiye niliyeteleza. Kununa ni kazi inayotaka nafasi, na ni vigumu kumnunia mtu ambaye mgongo wake ndio unaokukinga na maji ya chumvi. Mzee wa harusi yetu, laiti angekuwapo, ningemwambia: hukutaja farumi.

Hatukupatana hapo, lakini. Msidhani. Tulipofika tulikuwa tumechoka tu.

Kiwayu ni kisiwa chembamba, na ukipanda mgongo wake unaona bahari mbili kwa jicho moja, ile ya nje inayonguruma na ya ndani iliyotulia. Kijana alichoma changu. Mume wangu akamuuliza nahodha kama tunaweza kurudi kwa njia ya ndani, tupite Dodori. Nahodha alifikiri kwa haki, akahesabu maji kwa vidole. Kwa nje, kaskazi ikiwa nyuma yetu, ni siku moja. Kwa ndani ingebidi tungoje maji mara mbili. Siku mbili, pengine tatu. "Nyinyi mna ndege lini?"

Tulikuwa na ndege. Mume wa nyanya alingoja upepo miezi minne bila kuambiwa kwamba amechelewa. Sisi hatukuwa na siku mbili. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi. Nje."

Usiku tulilala kwenye mashua, juu ya mikeka, mbao zikituumiza kila mahali ambapo mama mkwe alisema zitatuumiza. Kilimia ilikuwa juu ya mlingoti, nyota zake zimekusanyika kama mbegu za mlenda. Nilidhani amelala.

"Kukoje?" akauliza.

"Wapi?"

"Dodori."

"Mikoko tu."

"Mikoko tu ya namna gani?"

Nikanyamaza, nikitafuta. Nilikuwa nimetupa jicho tu, roho yangu ikiwa kwenye kanga. Ikabidi nirudi kule kwa akili, polepole, kuokota nilichokiona bila kujua nimekiona.

Kurudi kulikuwa mchezo. Kaskazi ilitushika kwa nyuma, tanga likajaa kama shavu la mpiga zumari, magunia yakapangwa katikati na hakuna aliyetuita joshini. Tuliacha Manda Toto mkono wa kulia, na kabla ya magharibi tulikuwa Shela. Siku nne za kwenda tulizirudi kwa siku moja, na sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimezoea kuamrishwa nikae karibu na mume wangu.

Kesho yake, kutoka uwanja wa ndege wa Manda, nilimwachia yeye dirisha. Maji yalikuwa yamepwa. Mkanda ulionekana kama uzi wa rangi ya chai, na palikuwa na mashua moja ndani yake, imelala ubavu, inangoja. Chini bendera za gati zilikuwa zinapepea kuelekea kusini. Upepo ulikuwa haujageuka wala haukuwa na dalili ya kugeuka. Ilikuwa bado miezi mitatu.

Sasa ni Februari. Tuko kwenye zamu zetu. Asubuhi yeye anavua viatu, mimi navaa, na tukishamaliza habari za watoto na bili hubaki dakika tano, sita, ambazo zamani hatukujua kama zipo. Hapo huniuliza tena, na mimi humweleza tena: mlango mpana kuliko nilivyodhani, maji yamejaa, ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja kwenye tawi la mkoko, mtumbwi umefungwa bila mtu, na mikoko michanga imesogea mpaka ukingoni, myembamba, imenyooka. Kila siku huongeza jambo dogo nililolikumbuka ndani ya treni. Husikiliza akiwa ameshika kiatu kimoja. Kisha huuliza swali lake la mwisho, lile lile, kama palikuwa na boriti zimepangwa pwani zinangoja kupakiwa.

Hapakuwa na boriti.